Madokezo Yanayopatikana: Mwongozo wa Kuandika na Kutunza Kumbukumbu Kwenye Simu na Kompyuta

Ukitaka kujua kama programu fulani ya madokezo inakufaa, usianze na rangi zake wala orodha ya mambo inayojisifia. Ifungue, andika humo sentensi moja: "Wazee waliandikiwa barua na diwani." Funga. Kisha nenda kwenye kisanduku cha kutafutia, andika "andik" na usubiri. Sentensi yako ikija, programu hiyo inafaa kuendelea kuchunguzwa. Isipokuja, jua mapema kwamba mengi utakayoyaandika humo kwa Kiswahili yatakuwemo na hutayaona.

Sababu yake ni ya kilugha kabisa. Programu nyingi zimetengenezwa na watu ambao lugha zao hubadilisha neno kwa nyuma, kwa hiyo mashine ya kutafuta imefundishwa kutazama mwanzo wa neno na kuacha mwisho wazi. Kiswahili kinabadilika mbele kwanza. Kitabu kikizidi kimoja ni vitabu, ukuta ni kuta, jino ni meno. Kitenzi ndiyo zaidi: ninasoma, hatukusoma, waliposoma, atakayesoma. Mashine inayotazama mwanzo wa neno tu inayaona hayo kama maneno manne yasiyojuana. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na mamia ya madokezo aliyoyaandika kwa uangalifu, akatafuta "mkulima" asipate lile la "wakulima", akaamini kwamba hakuwahi kuliandika.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayeandika kwa Kiswahili kila siku: mwanafunzi wa chuo, mwandishi wa habari, katibu wa kikundi, mwalimu anayeandaa vipindi, mtafiti anayezunguka vijijini kuongea na wazee. Hoja yake ni kwamba dokezo lina thamani siku linapopatikana, na likipatikana liwe bado ni mali yako. Mambo mengine yote, kuanzia jina la programu hadi bei, yanafuata nyuma ya hapo.

Unaandika cha leo au cha miaka kumi?

Watu wengi tayari wana daftari la kidijitali bila kuliita hivyo. Wanajitumia ujumbe WhatsApp. Zamani mtu alifungua kundi, akamwongeza ndugu yake kisha akamtoa, akabaki peke yake humo. Tangu Novemba 2022 WhatsApp yenyewe imeweka nafasi ya kujiandikia. Kwa orodha ya vitu vya sokoni, namba ya jengo au jina la dawa uliyoambiwa ununue, njia hiyo inatosha na hakuna haja ya kuiacha. Kasoro yake ni kwamba kila kitu kinajipanga kwa tarehe tu. Nukuu ya kitabu, risiti ya umeme wa luku na picha ya mtoto vinakaa kwenye foleni moja, na hakuna namna nzuri ya kusema hivi viwili vinahusiana, hiki kifute, kile kitunze.

Kwa hiyo tenganisha. Yaliyo ya leo na kesho yaache yaishi WhatsApp au kwenye Google Keep. Yale ambayo utayahitaji mwakani, utakapokuwa unaandika tasnifu, kitabu, ripoti ya mradi au historia ya ukoo, yanahitaji nyumba ya kudumu. Vurugu nyingi za madokezo hutokana na kuchanganya makundi haya mawili, na hakuna programu inayoweza kukutenganishia.

Programu zenyewe

Google Keep, iliyotoka Machi 2013, ndiyo nyepesi kuliko nyingi. Kwenye simu inafanya kazi hata bando likiisha, kisha inajisawazisha mtandao ukirudi. Ina lebo, ina orodha za kutia alama, na ina jambo moja ambalo wengi hawalijui: ukipiga picha ya ukurasa wa kitabu au tangazo la ukutani, inaweza kukutolea maandishi yaliyomo kwenye picha yakawa maandishi ya kawaida. Kwa mtu mwenye simu tu, asiye na kompyuta, ningemshauri aanze hapa. Isipokuwa asitegemee kuandika tasnifu humo. Keep ni ya vipande vifupi.

OneNote ya Microsoft, iliyokuwepo tangu 2003, imejengwa kama daftari lenye sehemu na kurasa. Inapendwa na wanafunzi wenye vishikwambi kwa sababu unaweza kuandika kwa kalamu ya skrini, kuchora mchoro wa figo au saketi, na kurekodi sauti ya mhadhara humohumo. Ni bure ukiwa na akaunti ya Microsoft, na madokezo yanakaa OneDrive ambako nafasi ya bure ni GB 5. Wenye iPhone wanayo programu ya madokezo ya Apple ndani ya simu, nzuri sana mradi usihame Apple. Notion inapendeza kwa timu inayopanga kazi pamoja, lakini ilijengwa juu ya intaneti, na uwezo wa kufungua kurasa bila mtandao uliongezwa mwaka 2025. Anayefanya kazi mahali ambapo mtandao ni wa kubahatisha asiifanye ghala lake kuu.

Zimebaki mbili ambazo nazipa uzito zaidi: Obsidian na Joplin. Obsidian ilitoka 2020. Kila dokezo unaloandika humo ni faili ya maandishi ya kawaida ndani ya folda iliyo kwenye kompyuta au simu yako. Hakuna kujisajili, na matumizi yake ni bure. Unalipa ukitaka, kwa mfano, wakusawazishie kati ya vifaa kupitia huduma yao. Ukitafuta "andik" inakuletea waliandika, kuandikwa na ameandikiwa, kwa sababu inatafuta hata katikati ya neno. Joplin ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa wote, na inaweza kusawazisha kupitia Dropbox, OneDrive au Nextcloud, huku madokezo yakiwa yamesimbwa kabla hayajaondoka kwenye kifaa chako, ukiwasha kipengele hicho. Utafutaji wake wa kawaida hauingii katikati ya neno, ila ukianza kwa mkwaju, yaani ukaandika "/andik", unabadilika na kutafuta popote. Alama hiyo moja ya mkwaju ndiyo inayoifanya Joplin ifae kwa Kiswahili.

Kwa nini faili ya kawaida

Kampuni hufungwa, huuzwa, hubadilisha masharti. Google ilikuwa na daftari la mtandaoni lililoitwa Google Notebook; likafungwa moja kwa moja mwaka 2012. Evernote, ambayo kwa miaka mingi baada ya kuzinduliwa mwaka 2008 ilikuwa ndiyo jina la kwanza watu walilolitaja, ilinunuliwa na kampuni ya Kiitaliano, Bending Spoons, na mwishoni mwa 2023 watumiaji wa bure wakawekewa kikomo cha madokezo 50 na daftari moja. Skiff, huduma ya barua pepe na nyaraka iliyosifiwa kwa usiri, ilinunuliwa na Notion Februari 2024, na miezi michache baadaye huduma zake zikazimwa.

Katika visa vyote hivyo watu walipewa muda wa kuhamisha vitu vyao. Aliyesoma barua pepe kwa wakati aliokoa. Aliyekuwa safarini, mgonjwa, au aliyebadilisha anwani ya barua pepe, hakuwa na wa kumlaumu. Kwa hiyo kabla hujaandika dokezo lako la kumi kwenye programu yoyote, tafuta mahali palipoandikwa kuhamisha data, ubonyeze, uone unachopewa. Keep inatoa kupitia huduma ya Google Takeout, na faili zinazotoka zinafunguka kwenye kivinjari chochote. Programu isiyokuruhusu kutoka na mali yako usiingie nayo ubia wa muda mrefu, hata ikiwa nzuri namna gani.

Obsidian na Joplin zote zinatumia Markdown, mtindo wa uandishi uliotangazwa na John Gruber mwaka 2004. Usitishwe na jina. Alama ya reli (#) moja mwanzoni mwa mstari inaufanya kuwa kichwa cha habari, kistari kinaanzisha orodha, na nyota mbili kila upande zinakoleza neno. Basi. Uzuri wake ni kwamba hata programu zote hizi zikitoweka, faili yako (kwa Joplin, ile uliyoihamisha kama Markdown) itafunguka kwenye kompyuta yoyote kwa programu ya kawaida kabisa ya maandishi, na mtu ataisoma bila kufundishwa.

Dokezo moja, jambo moja

Tuje kwenye kuandika kwenyewe, maana hapa ndipo kazi ilipo.

Mwanasosholojia wa Kijerumani Niklas Luhmann, aliyefundisha Bielefeld na kufariki 1998, aliacha kadi za karatasi zipatazo 90,000. Kila kadi ilibeba wazo moja, ina namba yake, na inataja namba za kadi nyingine zinazohusiana nayo. Kutoka humo aliandika makumi ya vitabu. Hakuwa na kompyuta. Alichokuwa nacho ni nidhamu mbili tu: jambo moja kwa kadi moja, na kila kadi iseme jirani zake ni nani.

Wengi wetu tumezoea kinyume chake. Tunafungua dokezo "Historia", tunaandika humo muhula mzima, na mwisho tuna ukurasa mrefu usio na mlango. Vunja. Tuseme unasoma kuhusu Vita vya Maji Maji. Dokezo moja liwe hivi:

Kinjikitile Ngwale (pia: Kinjeketile)
Mganga wa Ngarambe. Alinyongwa na Wajerumani Mohoro, Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo vimeanza.
Chanzo: (jina la kitabu, mwaka, ukurasa)
Wazo langu: Katika tamthiliya ya Ebrahim Hussein, mhusika anakataa mwishoni kutamka kwamba maji yalikuwa uongo. Je, wazee wa Matumbi wanasimulia hivyohivyo?
Maneno: Maji Maji, vita, mganga, waganga, Mmatumbi, Wamatumbi, Mjerumani, Wajerumani, pamba
Tazama: [[Pamba ya kulazimishwa]], [[Tamthiliya ya Kinjeketile, 1969]]

Litazame polepole. Kichwa kina tahajia mbili, kwa kuwa vitabu vya historia huandika Kinjikitile na tamthiliya inaandika Kinjeketile. Anayetafuta kwa herufi moja asingepata ya pili. Majina yetu yamejaa mambo haya: Mwinyi na Muinyi, Majimaji na Maji Maji. Weka zote kichwani mwa dokezo, mara moja tu, na umemaliza.

Mstari wa "Chanzo" uwe na namba ya ukurasa, daima. Nakuomba sana hili. Nukuu isiyo na ukurasa ni kazi ya kurudia, na mara nyingi kitabu chenyewe kilikuwa cha kuazima.

"Wazo langu" linakaa mbali na maneno ya kitabu. Ukichanganya, baada ya mwaka hutajua lipi ni lako na lipi umelinakili, na kwa mwanafunzi hiyo ni hatari ya kushtakiwa wizi wa maandishi bila kukusudia. Kuna na faida nyingine. Mwaka 2014 Pam Mueller na Daniel Oppenheimer walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wanafunzi walioandika mhadhara kwa kompyuta walinakili maneno ya mhadhiri vilevile yalivyo zaidi ya walioandika kwa mkono, na walifanya vibaya zaidi kwenye maswali ya kuelewa. Watafiti wengine waliourudia mwaka 2021 waliona kunakili huko tena, lakini tofauti ya alama haikujitokeza. Kompyuta basi haipaswi kuhukumiwa. Ila sote tunajua jinsi vidole vinavyoweza kuandika huku akili iko kwingine, na mstari wa "Wazo langu" unailazimisha akili irudi.

Mstari wa "Maneno" ndio dawa ya tatizo nililoanza nalo. Andika umoja na wingi, andika jina ambalo mtu wa kawaida angetumia na lile la kitaalamu, na kama vyanzo vyako viko pia kwa Kiingereza, tia neno la Kiingereza. Ukiwa na mstari huu, hata programu dhaifu ya kutafuta itakufikisha. Usiogope kuonekana umejirudia. Dokezo halisomwi na mhariri.

Mwisho, mabano mraba mawilimawili. Kwenye Obsidian, jina lolote ukiliweka humo linakuwa kiungo cha kubonyeza, na ukibadilisha jina la dokezo ndani ya programu viungo vyake vinafuata. Kiungo ni bora kuliko folda kwa sababu dokezo moja haliwezi kukaa kwenye folda mbili, lakini linaweza kuhusu mambo mawili. Dokezo la pamba litawekwa wapi, kwenye kilimo au kwenye ukoloni? Liunge na yote mawili, upumzike.

Shina la neno

Programu yako ikiwa inatafuta katikati ya neno, jizoeze kutafuta kwa shina badala ya neno zima. "Som" itakuletea anasoma, walisomeshwa, msomaji, somo na wasomi. "Tabu" italeta kitabu na vitabu, na pia tabu za dunia, lakini utaona upesi lipi ni lipi. "Andik" inakamata kitenzi na kumkosa mwandishi, kwa sababu k imegeuka sh. Mwandishi na maandishi vitafute kwa "andish". Ukishazoea, utakuta unatafuta kwa wepesi kuliko mtu anayepanga folda siku nzima.

Jambo dogo kuhusu wakati. Majina ya faili yaanze na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, mfano 2025-03-14, ili yajipange yenyewe kwa kufuatana. Na saa uziandike mara mbili pale penye ahadi au kikao: "saa tatu asubuhi (09:00)". Vikumbusho vya simu havijui saa zetu. Ukimpa mwenzako dokezo lenye "saa 3" bila zaidi, huenda akafika alasiri.

Kibodi na sauti

Simu iliyowekwa Kiingereza peke yake itakuharibia maandishi, itageuza "ni" kuwa kitu kingine kila ukigeuka. Nenda kwenye mipangilio ya kibodi uongeze Kiswahili. Gboard inacho, cha Kenya na cha Tanzania, na unaweza kuacha lugha zote mbili ziwe pamoja. Tangu Agosti 2017 Google imewezesha pia kuandika kwa kutamka kwa Kiswahili: unabonyeza kipaza sauti kwenye kibodi, unasema, maneno yanajiandika. Hukosea majina ya watu na vijiji, na alama za uandishi utazitia mwenyewe. Hata hivyo kwa mtu anayetoka kwenye mahojiano na kichwa kimejaa, dakika tano za kutamka ndani ya daladala zinaokoa mambo ambayo jioni yangekuwa yamefifia.

Kwa mahojiano yenyewe, omba ruhusa kabla ya kurekodi, na ruhusa hiyo iandike juu ya dokezo pamoja na tarehe na mahali. Mzee akisema jambo fulani lisiandikwe, liandike kama alivyosema: "haya yasichapishwe". Miaka ikipita kumbukumbu yako ya ahadi hiyo itadhoofika.

Bando na nafasi

Maandishi ni mepesi mno. Ukurasa mzima wa maandishi matupu ni kama KB 3, kwa hiyo kurasa elfu moja ni takriban MB 3, mara nyingi chini ya picha moja ya kamera ya simu ya leo. Kinachokula bando ni picha na sauti. Saa moja ya sauti iliyorekodiwa kwa kiwango cha kati ni karibu MB 29 hadi 58. Weka mipangilio ili programu isawazishe viambatisho pale tu unapopata Wi-Fi, na rekodi ndefu zitunze kwenye folda pembeni. Kwenye dokezo andika jina la faili ya sauti na dakika ambapo jambo muhimu linasemwa. "Sauti 2025-03-14 Ngarambe, dakika 22" ni maelezo tosha.

Picha za kurasa pia zina ugonjwa wake. Mtu anapiga picha kitabu kizima akidhani amekisoma. Mara nyingi picha haitafutiki mpaka maandishi yatolewe, na hata yakitolewa, bado hujasema chochote. Piga ukurasa mmoja unaouhitaji, uandike chini yake mistari miwili kwa nini uliuhitaji.

Siri za watu wengine

Daftari la karatasi likiibwa, mwizi ana daftari moja. Simu isiyofungwa ikiibwa, ana kila kitu. Weka nenosiri kwenye simu, na kwenye akaunti inayobeba madokezo weka uthibitisho wa hatua mbili. PIN za benki na pesa za simu zisiandikwe kwenye madokezo kamwe; kwa manenosiri kuna programu mahsusi, kama Bitwarden, ambayo ina matumizi ya bure.

Ukiwa muuguzi, mwalimu mlezi, ofisa ustawi wa jamii au mtafiti, suala hili ni la kisheria pia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Habari za afya ya mtu zinahesabiwa kuwa nyeti katika sheria zote mbili. Jina la mgonjwa na ugonjwa wake visikae kwenye Keep ya simu yako binafsi. Tumia namba badala ya jina, na orodha ya namba na majina itunze kwingine. Kama ni lazima kuandika mambo mazito, chagua programu inayosimba maandishi tangu kwenye kifaa, mfano Joplin ukiwa umeuwasha usimbaji wake, au Standard Notes ambayo inasimba bila kuambiwa.

Nakala ya pili

Kusawazisha hakulindi. Ukifuta dokezo kwa bahati mbaya kwenye simu, linafutika na kwenye kompyuta, kwa utiifu kamili. Chelezo ni nakala iliyokaa mahali ambapo mkosi wa leo haufiki. Kila mwisho wa mwezi nakili folda nzima ya madokezo kwenye flashi au diski ya nje, uipe folda hiyo tarehe, na usiifute ile ya mwezi uliopita mpaka umeifungua mpya ukaona madokezo matatu manne yanasomeka. Kwa wenye Keep, omba data yako Google Takeout mara chache kwa mwaka. Kazi yote haizidi muda wa kuchemsha chai.

Kama una madokezo yaliyotapakaa kwenye programu nne, usijitese kuyahamisha yote. Fungua folda mpya leo, andika humo kuanzia leo, na la zamani lihamishe siku unapolihitaji. Mengi hutayahitaji kamwe.

Lipo ombi moja. Watengenezaji wa programu hizi husoma maoni ya watumiaji. Utakapofanya lile jaribio la "andik" na programu ikashindwa, waandikie. Toa mfano: neno la Kiswahili linabadilika mbele, tuwezesheni kutafuta katikati ya neno. Hawatajua kama sisi tunaoandika kwa Kiswahili hatusemi, na tatizo lenyewe linaweza kurekebishwa.